Malezi na Tabia Njema Katika Shule ya Msingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Walimu wa Mtwara na Lindi

Maswali haya huulizwa kwenye vikao vya wazazi, kwenye kamati za shule, na zaidi ya hapo ofisini kwa walimu saa ya chai. Nayajibu kama mwalimu wa malezi wa shule ya msingi ya serikali mkoani Mtwara. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani uzito.

Shule yenye utamaduni mzuri inatambulikaje?

Nenda shuleni wakati wa mapumziko, ukae pembeni uangalie kabla hujapiga hodi ofisini. Mtoto wa awali akianguka, nani anamwinua? Kwenye foleni ya bomba, wakubwa wanawasukuma wadogo au wanawapisha? Mwalimu akipita, watoto wanamkimbia au wanamkimbilia? Mtoto mwenye ulemavu yuko kwenye mchezo au kakaa peke yake ukutani? Ukiyaona hayo kwa dakika 20 umeshaijua shule, hata kama hujasoma bango lolote. Maneno yaliyopakwa rangi ukutani kuhusu nidhamu na maadili hayana ubaya, ila watoto hawaishi ukutani. Wanaishi bombani, chooni, njiani na kwenye dawati wanalokaa wanne.

Tuanzie wapi? Walimu tupo wachache na madarasa yamefurika.

Anzeni ofisini kwa walimu. Najua wengi hutarajia niseme tuanze na watoto, lakini mtoto hufuata anachokiona. Mwalimu anayeingia saa tatu kasoro hana la kumwambia mtoto aliyefika saa mbili kasoro, na watoto wanahesabu kila kitu. Wanajua nani haingii vipindi, nani anatuma watoto dukani wakati wa somo, nani hajawahi kumwomba mtoto radhi.

Kaeni walimu wote, pamoja na mlinzi na mpishi wa uji, mkubaliane mambo machache tu: tunafika saa ngapi, tunamwitaje mtoto, na tukikasirika tunafanya nini. Hilo la kumwitaje mtoto linahitaji muda wake. Maneno kama “punda”, “kichwa maji” na “wewe hutafika popote” yanatoka mdomoni kirahisi kwa mtu aliyechoka, na mtoto anayabeba hadi nyumbani, kisha anamwita hivyohivyo mdogo wake. Mwiteni kwa jina lake. Katika darasa la watoto 90 ni kazi kuyajua majina yote, kwa hiyo gawaneni: kila mwalimu achukue kundi lake la watoto, awajue majina, wanakotoka na wanalala kwa nani.

Jambo hili halihitaji mwalimu wa ziada. Linahitaji mwalimu mkuu anayeanza yeye mwenyewe.

Sheria za shule ziwe ngapi?

Tatu au nne. Orodha ya sheria 20 iliyobandikwa mlangoni haimsaidii mtoto wa darasa la pili ambaye bado anaunganisha silabi. Chagueni za namna hii: tunasema kweli, tunatunza vya watu na vya shule, hatumuumizi mtu kwa mkono wala kwa mdomo, tunawahi. Halafu, na hapa ndipo shule nyingi huishia njiani, wafundisheni watoto kila sheria inaonekanaje mahali kwa mahali. “Tunatunza” pale bombani ni kufunga koki. Chooni ni kumwaga maji na kuacha kopo mahali pake. Darasani ni kutochora dawati kwa bikari. Waonyesheni kwa vitendo, nao waonyeshe, kama mnavyofundisha kushika penseli.

Mstari wa asubuhi una kazi gani katika malezi?

Una kazi kubwa kuliko kipindi chochote, kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo shule nzima iko mahali pamoja. Kwa bahati mbaya, mara nyingi mstari umekuwa mahali pa kukagua kucha, kusoma majina ya wakosaji na kuwachapa waliochelewa. Mtoto ametoka nyumbani hajanywa hata chai, ametembea kilomita zake, na sauti ya kwanza anayoisikia ni ya makosa.

Ukaguzi wa usafi ubaki, na wimbo wa taifa ubaki. Ongezeni dakika mbili za mwalimu wa zamu kusimulia jambo moja jema aliloliona kwa macho yake jana. Lisiwe la jumla. Ukisema “darasa la tano mna nidhamu nzuri” hakuna anayejifunza kitu. Sema hivi:

“Jana saa nne nilimwona mwanafunzi mmoja wa darasa la nne bombani na ndoo yake. Zamu yake ilikuwa imefika. Akaja mtoto wa awali na kikombe, analia, wakubwa wamemruka foleni. Huyu wa darasa la nne akasogeza ndoo pembeni, akakinga kikombe cha yule mdogo kwanza, akakipangusa chini kwa shati lake ili kisimlowanishe, akampa. Hakujua kama namwangalia.”

Sioni haja ya kutaja jina. Aliyefanya anajijua, uso wake utamwonyesha, na watoto wengine watatamani wiki ijayo habari iwe yao. Mwalimu wa zamu aandike matukio haya kwenye daftari la zamu, ili tusije tukawasifia watoto walewale wa mstari wa mbele mwaka mzima. Kuna mtoto mkimya wa nyuma ambaye hajawahi kusikia neno jema kutoka kwa mtu mzima shuleni. Mtafuteni huyo.

Na kosa la mtoto mmoja lisisemwe mstarini. Kumwaibisha mbele ya watoto mia nane hakumrekebishi, kunamfundisha tu kuichukia shule.

Je, viboko vimekatazwa? Wazazi wenyewe wanatuambia, “Mchape tu, nimekuruhusu.”

Havijakatazwa kabisa, lakini vimewekewa mipaka ambayo watu wengi hawaijui au wameamua kutoiangalia. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko ni kwa makosa makubwa. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina. Na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa. Juu ya hapo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha.

Kwa hiyo kuchapa darasa zima kwa sababu ya kelele, kuchapa aliyepata 12 kati ya 50, kila mwalimu kutembea na fimbo yake kwapani, yote hayo yako nje ya kanuni. Ruhusa ya mzazi haibadilishi chochote hapo.

Mimi naenda mbali kuliko kanuni. Naamini shule ya msingi inaweza kulea bila fimbo, na nasema hivyo nikiyajua madarasa yetu yalivyo. Woga humfundisha mtoto kuficha. Anakuwa mwema mwalimu akiwepo, na mwalimu akitoka darasa linageuka soko. Pia anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga, na somo hilo utaliona mapumziko, akilifanyia mazoezi kwa wadogo zake. Wazee hutukumbusha kuwa samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, umri wa shule ya msingi ndio umri wenyewe. Ila wanaobanika samaki Mikindani na Kilwa wanajua kwamba hukunjwa taratibu kwa vidole. Ukimponda, huna tena cha kubanika.

Kama shule yenu haiko tayari kuacha mara moja, anzeni na darasa la awali, la kwanza na la pili: fimbo isiingie kabisa huko kwa muhula mzima. Kisha kaeni mwangalie kama watoto hao wameharibika.

Sasa mtoto akikosea kweli, mnafanya nini?

Tunakaa naye. Inaonekana ni jibu dogo, kwa hiyo nieleze inavyokuwa.

Chukua kosa la kawaida kabisa la darasa la tano: biki ya mtoto mmoja imepotea, imeonekana mfukoni mwa mwenzake. Mwalimu anawachukua wote wawili chini ya mwembe, mbali na madirisha ya darasa. Wanakaa kwenye benchi, na mwalimu anakaa pia. Kukaa huku kuna maana, maana mtu mzima aliyesimama juu ya kichwa chako humwambii ukweli.

“Kimetokea nini?”

“Amechukua biki yangu, mwalimu.”

“Niliikuta chini.”

“Sawa. Ulipoiokota, ulidhani ni ya nani?”

Hapa mwalimu anyamaze. Kimya hiki kinaweza kuwa kirefu, na kishawishi ni kukijaza kwa maneno ya ukali. Asikijaze.

“Nilijua ni yake.”

“Kwa nini hukumpa?”

“Yangu imeisha wino. Nyumbani wamesema nisubiri mnada.”

Mnada ni wa korosho. Fedha ya nyumba nzima inasubiri mnada, na daftari na biki pia. Mwalimu anamgeukia mwenye biki: “Na wewe ulipoikosa, ilikuwaje?” Anasema alishindwa kunakili kazi ya Hisabati na akaogopa kugombezwa na mama. Yule aliyechukua anasikia hayo kwa mara ya kwanza. Swali la mwisho ni lake: “Utarekebishaje?” Arudishe biki, aombe radhi akitaja alichokosea, akae na mwenzake mapumziko wakinakili pamoja yale yaliyompita. Kosa limebaki kuwa kosa, mwalimu hakulipunguza. Lakini sasa shule inajua kuna mtoto asiye na biki, na ofisini panapaswa kuwa na kopo la biki za kuazima.

Ni dakika 10. Fimbo ingechukua moja, na habari ya mnada tusingeijua kamwe.

Kwa makosa mazito, kama kumpiga mwenzake hadi kumuumiza, wazazi wa pande zote waje na kikao kiwe cha watu wazima pamoja na watoto. Utaratibu ni uleule: kilichotokea, aliyeumia, kitakachorekebishwa, na tarehe ya kuangalia kama kimefanyika. Hiyo tarehe msiisahau, maana mtoto haisahau.

Msimu wa korosho unaleta utoro mkubwa. Tufanyeje?

Kuanzia Septemba korosho zinaanza kudondoka, na Oktoba hadi Desemba kila mkono unahitajika. Familia nyingine zinahamia mashamba ya mbali na kuwaacha watoto kwa bibi, au kuondoka nao. Pwani kuna jambo lake pia: maji ya bamvua yakipwa, watoto wanashuka na wenzao kutafuta pweza, na hakuna kengele inayoshindana na bahari iliyokauka.

Msisubiri Oktoba. Iteni kikao cha wazazi Agosti, muulizane waziwazi: nani anahamia shamba, mtoto atalala wapi, nani atamwamsha, atakula nini. Mzazi aliyepanga mapema mbele ya wenzake hutimiza zaidi kuliko aliyeandikiwa barua ya vitisho baadaye. Umoja wa wazazi na walimu, ambao mikoa yetu yote miwili inaujua tangu miradi ya elimu ya miaka iliyopita, unaweza kuteua mzazi mmoja kila kitongoji wa kufuatilia.

Mtoto aliyerudi baada ya wiki mbili apokelewe. Akichapwa Jumatatu, Jumanne harudi. Aambiwe, “Karibu, tulikukosa,” akabidhiwe mwenzake wa kumsaidia kunakili, ndipo mazungumzo na mzazi yafuate. Elimu ya msingi ni lazima kisheria na mtendaji wa kijiji anayo mamlaka yake, ila nashauri mlango huo ufunguliwe mwisho.

Msimu huu pia una somo la uaminifu ambalo hatulifundishi vya kutosha. Kuna watoto wanaookota korosho shambani kwa watu na kuziuza kwa kangomba, yaani wanunuzi wasio rasmi, kwa kikombe ili wapate hela ya maandazi. Wengine wanaonja uraka, pombe ya mabibo. Liongeleeni darasani bila kumnyooshea mtu kidole: korosho iliyodondoka ni ya nani? Ukiikuta njiani je? Mjadala huo utakuwa na moto kuliko mada yoyote ya kitabuni, kwa sababu ni maisha yao.

Jando na unyago vinagongana na malezi ya shule?

Swali hili huulizwa kwa pande mbili. Walimu waliotoka mikoa mingine huuliza kwa mashaka, na wazee huuliza kwa kujihami. Jibu langu ni kwamba kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, jando na unyago ni shule iliyokuwepo kabla ya shule yetu. Humo mtoto hufundishwa kuheshimu wakubwa, kuvumilia, kuwa msafi, kushirikiana na kutunza siri. Mtoto hatujii mtupu, na mwalimu anayeanza kwa kudharau mila hizo ameshampoteza mtoto pamoja na ukoo wake.

Yapo lakini mambo matatu ambayo lazima tuyaseme, tena kwa heshima.

La kwanza ni wakati. Shughuli zifanyike likizo ya Juni na ya Desemba, na viongozi wa serikali katika mikoa hii wamekuwa wakilisisitiza hilo. Shule isaidie kwa kutangaza tarehe za likizo mapema, hata Machi, ili familia zipange ngoma, chakula na wageni. Mara nyingi mgongano unatokana na kutojua tarehe.

La pili ni umri na mafundisho. Msichana wa miaka 9 hahitaji kufundishwa mambo ya mume. Hili walimu wa kike walizungumze na makungwi uso kwa uso, kwa faragha, na makungwi wengi wanasikia wakiheshimiwa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi kunaweza kumfunga mtu miaka 30, na kusaidia kumwozesha ni kosa pia. Sheria hiyo isomwe kwenye kikao cha wazazi kila mwaka, na hasa Septemba, darasa la saba wakimaliza mtihani wa taifa. Miezi ile hadi Januari ni mirefu na ya hatari kwa wasichana wetu. Waiteni shuleni kwa michezo, kusoma, kusaidia madarasa ya chini. Msiwaache nyumbani wakihesabika kuwa wamemaliza.

La tatu ni mtoto anayerudi. Amechezwa, ametoka na nguo mpya, ukoo mzima umemshangilia, na sasa anajiona mtu mzima. Wapo wanaomjibu mwalimu wanavyotaka kwa sababu hiyo. Mwalimu asishindane naye. Ampe hongera kwanza, maana nyumbani ni furaha kubwa, kisha ampe kazi ya mtu mzima: “Umekuwa mkubwa sasa. Huyu mtoto wa awali anatoka kitongoji chenu. Kila asubuhi njoo naye, na kila mchana umfikishe nyumbani.” Nimeona wavulana waliotoka kumbini, kambi ya jando, wakiwashika watoto wadogo mikono barabarani kwa uangalifu ambao hakuna hotuba ingeuleta.

Na jambo moja la adabu kwa walimu: msimuulize mtoto darasani alichofundishwa ndani. Ni siri ya watu.

Mzazi wa kuitwa shuleni ni nani?

Fomu inasema baba au mama. Lakini jamii nyingi za kusini zinafuata ukoo wa mama, na kauli ya mjomba juu ya watoto wa dada yake ina uzito ambao baba mwenyewe huenda hana. Bibi naye ndiye analala na mtoto msimu mzima. Kwa hiyo ulizeni: “Nyumbani kwenu, anayesikilizwa ni nani?” Muiteni huyo. Mara nyingine mjomba akija na kofia yake, akakaa nusu saa, mambo ya muhula mzima yananyooka.

Na msimwite mtu kwa ubaya tu. Mzazi ambaye kila akiitwa ni kesi, ataacha kuja. Mwiteni siku moja kumwambia mtoto wake ameokota hela akaileta ofisini.

Kazi za shamba na usafi: ni adhabu au malezi?

Ni malezi, na ndiyo maana zisitolewe kama adhabu. Tangu Mwalimu Nyerere atangaze Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu zimekuwa na mashamba na bustani, na wazo lake lilikuwa shule iwe jamii inayofanya kazi pamoja. Mtoto anayelimishwa kwa sababu amechelewa anajifunza kwamba jembe ni la wakosaji. Kesho akimwona baba yake shambani, atamfikiria nini? Kazi iwe ya wote kwa zamu, walimu wakiwemo, wavulana wafagie na wasichana wapande miche. Ikivunwa mihogo au mchicha, watoto wale au waone fedha yake ilinunua nini. Katika uwanda wa Newala ambako maji ni ya shida, msimpe mtoto adhabu ya kuchota maji hata siku moja.

Tuwape zawadi wenye tabia njema?

Kidogo sana. Pipi na daftari zinaisha, na mtoto anaanza kuuliza, “Nikifanya nitapewa nini?” Neno la mwalimu lililo mahususi na la kweli linatosha. Barua fupi kwa mzazi, iliyoandikwa kwa mkono, huhifadhiwa nyumbani miaka mingi.

Viranja wachaguliweje, na wawe na mamlaka gani?

Wapigiwe kura na wanafunzi, wahojiwe na walimu, wazungushwe ili wengi wapate nafasi. Kaka mkuu na dada mkuu wawe na uzito sawa. Kiranja asipige mtu, asishike fimbo, asimpigishe magoti mwenzake. Ile karatasi ya majina ya wapiga kelele nashauri iachwe kabisa, kwa sababu inamfundisha kiranja kuandika asiowapenda na kufuta waliompa karanga. Mpeni kazi ya kutumikia: kuhakikisha wadogo wamepata uji, kufungua maktaba, kugundua nani hakuja leo na kumwambia mwalimu. Ukimfundisha mtoto wa miaka 12 kwamba uongozi ni kuwahudumia wadogo, umelifanyia kijiji kazi kubwa.

Matani na kuchokozana je? Si ni mambo ya watoto?

Utani wetu una adabu zake: kila mmoja anacheka na kila mmoja anaweza kujibu. Pale anayecheka ni mmoja na mwingine analia, huo ni uonevu, na mtu mzima aingilie siku hiyohiyo. Angalieni hasa watoto wenye ualbino, wenye ulemavu, wanaokojoa kitandani, na wasio na sare kamili.

Lugha nayo imo humu. Watoto wanaoanza shule vijijini Tandahimba wanazungumza Kimakonde, Ruangwa Kimwera, Nanyumbu Kimakua, Kipatimu Kimatumbi. Tunafundisha kwa Kiswahili na lazima wakijue vizuri, lakini kumvika mtoto kibao cha adhabu shingoni au kumcheka kwa kuteleza katika lugha ya mama yake ni kumwambia kwamba nyumbani kwao ni pa aibu. Mwalimu mgeni akijifunza salamu ya pale kijijini akawasalimia watoto kwayo, atashangaa milango itakavyofunguka.

Shule ina Waislamu na Wakristo. Maadili ya nani?

Ukweli, huruma, uaminifu na kuheshimu wazazi vinafundishwa msikitini na kanisani. Vipindi vya dini viendelee kila kundi na mwalimu wake. Ramadhani, waliofunga wasichekwe na wasiofunga wasisutwe. Uji unywewe sehemu ya pembeni kwa staha. Watoto wetu wana ndugu wa dini zote mbili ndani ya nyumba moja. Mara nyingi wao ndio wanatufundisha.

Mtoto akituambia ameumizwa na mtu nyumbani au shuleni?

Msikilize bila kumkatisha, usimuahidi kuwa hutamwambia mtu yeyote, usimhoji kama polisi, na usimpeleke mbele ya anayemtuhumu. Mwambie amefanya vizuri kusema. Siku hiyohiyo mpelekee taarifa mwalimu anayesimamia dawati la ulinzi na usalama wa mtoto shuleni, kisha ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto, na iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, kimo cha macho ya mtoto wa darasa la tatu. Kesi ya namna hii haimalizwi kifamilia, hata mtuhumiwa akiwa mwalimu mwenzetu, na hasa akiwa mwalimu mwenzetu.

Hatuna fedha za mradi wowote.

Hakuna lililotajwa hapa linalohitaji mfadhili, isipokuwa kopo la biki.

Tutajuaje kama inafanya kazi?

Angalieni mahudhurio ya Oktoba mkiyalinganisha na ya Julai. Hesabuni majina kwenye kitabu cha adhabu muhula kwa muhula. Wekeni sanduku la vilivyookotwa ofisini, muone linajaa au la: penseli, shilingi mia, kiatu kimoja. Waulizeni watoto wa darasa la pili, mmojammoja, “Ukipata shida hapa shuleni unamwendea nani?” Mtoto anayetaja jina la mwalimu bila kufikiri amejibu swali lenu. Msitegemee mabadiliko ya wiki. Muhula wa kwanza kelele zinaweza hata kuongezeka, kwa kuwa watoto waliozoea fimbo hujaribu kwanza kuona kama mnamaanisha. Msirudi nyuma hapo.

Mwalimu mkuu akihamishwa, yote si yataanguka?

Yataanguka kama yalikuwa kichwani mwake. Kwa hiyo yaandikwe kwenye muhtasari wa kamati ya shule, yasainiwe na mwenyekiti na mwalimu mkuu, na nakala iwekwe kwenye faili la makabidhiano. Mwalimu mgeni, awe mkuu au wa kawaida, apewe wiki yake ya kwanza mwenyeji wa kutembea naye mstarini, bombani na chini ya mwembe. Mwenyeji huyo awe mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita. Mzazi wa kamati aje kumsalimia na kumweleza: hapa kwetu tunawalea hivi.